Firigisi ya Mchungaji

Siku niliyofika kwenye kanisa lile la juu ya Elburgon, mwenyekiti wa wazee wa kanisa alinipokea kwa mikono miwili, akanipa pole ya tope, halafu akachungulia nyuma yangu.

"Na mchungaji mwenyewe umemwacha wapi?"

Nikamwambia ndiye mimi. Yaani mchungaji mwanafunzi, kutoka chuo cha theolojia huko Nakuru, nimetumwa kwa mazoezi likizo yote ya Agosti. Akacheka kwa heshima, vile mtu hucheka mgeni akifanya mzaha usioeleweka. Akatazama tena barabarani. Barabarani kulikuwa na lori la mbao na mbwa.

"Basi karibu sana, Mama Mchungaji," akasema.

Kwa asiyejua makanisa yetu, Mama Mchungaji si cheo, ni ndoa. Ni mke wa mchungaji. Huyo ndiye anayefunga kitambaa, anayeongoza akina mama, anayejua nani amejifungua na nani amenuna. Mimi sikuwa na mume, hata wa kusingizia sikuwa naye. Nilikuwa na Kigiriki cha kuokoteza, gambuti na begi moja. Lakini jina lilishaniganda, na kwa jina hilo nikapelekwa moja kwa moja jikoni.

Ningeweza kucheka tu yakaisha, lakini chuo chetu kilikuwa na sheria isiyo na huruma. Ukiwa mwaka wa tatu, lazima uhubiri ibada kubwa ya Jumapili katika kanisa ulilotumwa, mwalimu wa mahubiri akiwa ameketi pale anakusikiliza. Usipohubiri, unarudia mwaka. Mwalimu wangu alikuwa aje Jumapili ya mwisho ya likizo.

Na kurudia mwaka, jamani, ningeanzia wapi? Kuamka alfajiri tena kwenda kuimba zaburi huku meno yanagongana. Kula tena yale maharagwe tuliyoyaita Agano la Kale, kwa sababu yalikuwa magumu na hayakuwa na mwisho. Kuishi tena na wanaume wa darasa langu, ambao hawajabarikiwa bado lakini kila mmoja alikuwa na kola nyeupe aliyoificha kwenye sanduku, ya kujaribia mbele ya kioo cha bafu. Hao hao ndio walioniuliza, kila tukiwa na kikao, kama chai iko tayari. Haki ya Mungu, Mungu nilimpenda, lakini sikuwa tayari kumpendea pale mwaka mwingine mzima.

Halafu kulikuwa na mama yangu. Yeye huuza mahindi Rongai, na alikuwa ameshatangazia soko zima kwamba msichana wake anasomea uchungaji. Wenzake walimuuliza, "Wa mbuzi?" Akawajibu wangoje tu, watamwona kwenye mimbari. Kwa hivyo kama ningefeli, nisingefeli mimi peke yangu.

Mchungaji wa eneo alikuwa na makanisa mengi ya kuzungukia, hapo petu alionekana kwa nadra. Nilipompigia simu, aliniambia nani atahubiri ni neno la mwenyekiti. Na mwenyekiti hakuwa mtu mbaya, hicho ndicho kilichonikasirisha. Alikuwa fundi wa misumeno aliyestaafu, mpole, ananiletea kuni kavu na kuniuliza kama blanketi zinatosha. Aliomba vizuri pia, bila kelele. Ila kichwani mwake mwanamke na mimbari vilikuwa vitu viwili visivyokutana, na alipohubiri yeye mwenyewe, alihubiri mpaka watoto wakalala, wakaamka, wakalala tena.

Jumapili ya kwanza akasema nipumzike, nimetoka safari. Safari yenyewe ni Nakuru hadi Elburgon! Iliyofuata akaja mheshimiwa mmoja kusalimia waumini, salamu zikameza ibada. Nyingine ikawa ya wanaume, nyingine ya kwaya za wageni. Kila mara ananitazama kwa upendo na kusema, "Mama Mchungaji, usiwe na haraka. Hebu angalia kama chai imeiva."

Nilikuwa naenda. Nakwenda na hasira, lakini nakwenda.

Jiko lilikuwa kibanda cha mabanzi, yale maganda ya magogo ambayo kiwanda cha mbao hakitaki, na moshi wake ulikuwa na makazi ya kudumu. Mkuu wa jiko alikuwa mke wa mwenyekiti, mama mnene wa sauti ya chini ambaye hakuwahi kurudia jambo. Jumapili ile ya kwanza nilipewa kuku wa kukatakata. Nikafungua firigisi, nikaiosha, nikaitupa kwenye sufuria pamoja na nyama nyingine. Mama yule akaichota na mwiko kabla haijazama.

"Woi! Hiyo ni ya mchungaji."

"Mchungaji gani?"

"Aliyehubiri."

Akaiweka kando kwenye kisahani. Nikajifunza utaratibu. Pale juu wamechanganyika watu wa makabila kadhaa, hawakubaliani hata viazi vipondwe vipi, lakini kwenye firigisi wote walikuwa kitu kimoja. Firigisi huliwa na mkuu wa nyumba, na kanisani mkuu wa nyumba ni aliyesimama mimbarini. Sahani yake hufunikwa, hupelekwa ofisini kwanza, na hakuna mtu anayegusa kijiko kabla yake. Nikauliza, na mwanamke akiila?

"Anakuwa kichwa ngumu," mama mmoja akanijibu.

"Mimi tayari."

"Tunaona," akasema mke wa mwenyekiti, na jiko zima likacheka.

Basi Jumapili baada ya Jumapili nilipika firigisi ya watu wengine. Ya mwenyekiti, ya mwenyekiti wa wanaume, ya mgeni kutoka Njoro aliyehubiri kuhusu unyenyekevu akitumia neno "mimi" kuliko jina la Bwana. Niliifunika vizuri, nikaipeleka ofisini, nikanawisha mikono ya aliyeila. Huku nikinawisha, nikamwambia Mungu kimoyomoyo, sikiliza, wewe si ndiye uliyeniita? Uliponipigia mimi, hukubakisha kredo ya kuwapigia na hawa wazee? Hakujibu. Lakini sikuacha kumsemesha, na yeye, nikimtendea haki, hakuwahi kunikatia simu.

Siku ya Jumamosi kabla ya mwalimu kuja, nikamfuata mwenyekiti akiwa anapigilia msumari kiti cha kwaya. Nikamweleza mara ya mwisho, pole pole, kama ninavyosema na mtu mzima anayenizidi umri. Nisipohubiri kesho, narudia mwaka.

Akaweka nyundo chini. "Nimekuelewa, binti yangu. Kesho utasoma matangazo. Utayasoma vizuri, na mimi nitamwambia mwalimu wako una sauti nzuri."

Matangazo! Niliondoka bila kuaga, maana ningefungua mdomo ningetamka kitu ambacho si cha kanisani. Nikaenda jikoni, nikachukua kisu, nikaanza kumenya viazi vya kesho. Nilivimenya hadi vikabaki vidogo. Machozi yakaanza kunitoka, na mara hii hayakuwa ya moshi.

Mke wa mwenyekiti akaninyang'anya kisu. "Unatumalizia viazi. Kuna nini?"

Nikamwambia kila kitu mbele ya akina mama wote, bila kujali kwamba ninayemsema ni bwana yake. Akasikiliza. Akaniuliza, "Na ungepewa hiyo maiki, ungesema nini?"

Nilikuwa na mahubiri yameandaliwa, yenye vichwa vitatu na Kigiriki katikati. Hayakutoka. Kilichotoka ni hasira ya wiki zote. Nikawauliza wanamkumbuka yule dada kwenye Biblia, aliyehangaika jikoni huku mwenzake ameketi miguuni pa Yesu. Wakasema ndiyo. Nikawaambia kila mwaka huyo dada hutukanwa kwenye mimbari zetu, ati alipenda mambo ya dunia, na anayemtukana akishuka hapo chini anauliza chakula kiko wapi.

Mama mmoja akapiga kofi pajani. "Sema!"

"Yesu alimwambia mwenzake amechagua fungu jema. Sawa, simbishii. Lakini nauliza, hiyo siku walikula nini?"

Wakacheka mpaka mmoja akashika nguzo. Na mimi nikacheka, kisha nikasikia kitu kingine kinapanda kifuani, nikakisema vile kilivyokuja. Nikasema sidhani Yesu alikuwa anamgombeza. Nadhani alikuwa anamwita. Alimwona amesimama mlangoni na mwiko, anasikia maneno nusu nusu, akamwambia na wewe pia njoo uketi. Chakula kitachelewa, na hakuna aliyekufa kwa chakula kuchelewa.

Mke wa mwenyekiti alikoroga sufuria ambayo haikuwa na kitu cha kukorogwa.

"Mimi nimekuwa katika jiko hili tangu likiwa na paa la nyasi," akasema mwishowe. "Sijawahi kusikia mahubiri yakaisha." Akanirudishia kisu. "Menya polepole."

Kesho yake mwalimu akafika. Ni mtu mzuri, msomi kweli, ila anasinzia. Akaketishwa mbele, akafunga macho, akatuambia anatafakari. Mimi nikasoma matangazo. Niliyasoma vibaya kwa makusudi. Ndipo nilipoinua macho nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu nije: viti vya mbele vimejaa akina mama wa jikoni. Wote. Wamevua aproni. Nikachungulia dirishani, kibanda cha mabanzi hakikuwa kinatoa moshi hata kidogo.

Mwenyekiti akapanda mimbarini, akafungua Biblia. "Bwana asifiwe."

"Amina!"

"Neno la leo linatoka—"

Mke wake akaanzisha pambio.

Hapo lazima nieleze. Pambio kwetu halina mwenyewe na halina ruhusa. Yeyote akiguswa anaanzisha, na likianzishwa kanisa lote husimama na kupiga makofi, na hakuna mhubiri duniani anayeweza kusema nyamazeni, maana atakuwa anamnyamazisha Roho. Mwenyekiti akaimba pia, akitabasamu. Likaisha. Akafungua tena Biblia. Mama mwingine akaguswa. Likaisha hilo, akaguswa aliyeketi nyuma yake. Akina mama walikuwa wanaguswa kwa zamu! Mwanzoni mwenyekiti alipiga makofi, baadaye akawa anafuta jasho, na kufikia hapo mwalimu wangu alikuwa macho kabisa na amesimama anacheza.

Mwenyekiti akamtazama mke wake. Yeye akamtazama vilevile, anapiga makofi, uso mtulivu kabisa. Sijui watu waliokaa pamoja miaka mingi huambiana nini kwa macho, lakini yule mzee aliifunga Biblia.

"Kanisa," akasema, "naona Roho leo ana mtu wake." Akanigeukia, akaninyooshea maiki bila kunitazama usoni.

Nilipanda, nikashika mbao za mimbari, nikasahau Kigiriki chote. Nikahubiri ya jikoni. Wanaume hawakucheka nilipouliza walikula nini, walitazama viatu vyao. Wazee walikohoa. Niliogopa, sitadanganya, na nilidhani nimejimaliza mwenyewe. Lakini nilipofika pale pa kuitwa aje aketi, nilimwona mke wa mwenyekiti ameketi, mikono imetulia mapajani, anasikiliza mpaka mwisho. Nikasema amina mapema kuliko mtu yeyote aliyewahi kusema amina pale.

Chakula, bila shaka, hakikuwepo. Kuni hazikuwa zimewashwa, kuku walikuwa wanatembea uani na manyoya yao. Akina mama walibaki ndani wakisalimiana bila haraka. Ofisini mimi na mwalimu tulikaa tukasikia wanaume nje wakiulizana kiberiti kiko wapi, halafu kuku wakikimbizwa, halafu kikohozi kirefu cha moshi. Mwalimu aliniambia nimepita. Akasema muundo wa mahubiri haukuwepo kabisa, lakini nimepita. Nikampigia mama yangu pale pale, nikamwambia awaambie si wa mbuzi. Alipiga kelele mpaka mwalimu akasikia.

Jua lilikuwa limeanza kushuka upande wa msitu mlango ulipofunguliwa. Ni mwenyekiti mwenyewe, amekunja mikono ya shati, macho mekundu ya moshi, majivu kwenye nyusi. Amebeba sahani moja iliyofunikwa na jagi la maji ya kunawa. Mwalimu, kwa mazoea, akanyoosha mikono kwanza. Mwenyekiti akampita. Akasimama mbele yangu, akasubiri, mpaka nikaelewa kwamba ni mikono yangu inayongojwa. Akanimwagia maji taratibu, yalikuwa vuguvugu, alikuwa amekumbuka kuyapasha.

"Mchungaji," akasema. "Chakula."

Alisema Mchungaji tu, bila Mama.

Nikafunua. Juu ya wali, katikati, ilikuwepo. Imeungua upande mmoja, maana waliopika walikuwa hawajui kupika. Niliitia mdomoni ili nisilie mbele yake. Lo, kumbe ni ngumu hivi, haina hata ladha! Wiki zote hizo nimekililia kipande cha raba. Mwalimu aliitazama inavyozunguka mdomoni mwangu, akameza mate. Nikatafuna mpaka taya likauma, na sikumbakishia mtu.