Ramani ya Pwani ya Mawe

Jumapili moja, nyumbani kwetu katika mtaa wa Forest, huku ugenini, nilitandaza ramani mezani. Mimi na mwenzangu wa kazini tulikuwa tunachagua mahali pa kupiga mbizi na mitungi ya hewa, kwenye pwani ya mawe ya Mediterania.

Kaka yangu mkubwa aliingia, akaiona. Alinipiga ngumi ya mdomo, akaichana ramani, akaikanyaga miwani yangu ya kuzamia mpaka kioo kikapasuka.

"Papa walimupiga risasi, wakamutupa mu ziwa," alisema, akimtaja baba yetu. "Na weye unaenda kucheza mu maji?"

"Ni maji ingine, yaya," nilimjibu kaka, damu ikinitoka.

Akanikaba koo. Mwenzangu alimvuta kwa nguvu hadi akaniachia, kisha kaka akaketi sakafuni, akalia.

Kiangazi kile nilisafiri kwenda pwani ile bila kumuaga.