Kimya cha Bulonza Mbele ya Wakwe

Kazi ya Bulonza haihitaji maneno. Tangu mwaka 1969 anatunza makabati ya wadudu waliokaushwa katika kituo cha utafiti cha Lwiro, kila mdudu na sindano yake na kijikaratasi chake. Nyumbani pia hakuna aliyemtaka aseme, maana alikuwapo kaka yake.

Floribert, jina la Kikristo ambalo serikali ya Zaire ililifuta kwenye karatasi lakini nyumbani halikufutika, alikuwa mdomo wa familia. Posa zote za ukoo zilipitia kwake. Mbinu yake ilikuwa moja tu. Wageni wakishataja mahari, alivuta kasiksi, pombe ya ndizi, kwa mrija, akatazama dari, akanyamaza mpaka waongeze.

Alikufa Februari 1977 kwa homa ya siku nne. Mwaka uliofuata, familia ya mchumba wa binti yake Colombe ilituma habari kwamba itafika Kasha, nyumbani kwa marehemu, Jumamosi. Kwa desturi, mjane hawajibu wageni wa namna hiyo. Anayejibu ni ndugu wa marehemu. Agathe, mjane wa Floribert, alipanda gari mpaka Lwiro kumtafuta Bulonza.

"Shemeji, ni weye sasa."

"Miye? Miye naongeaka na mende."

"Basi kuja uongee na hawa. Ukishindwa, batasema nyumba ya Floribert ilikufa naye."

Wiki nzima Bulonza alikariri hotuba mbele ya makabati.

Jumamosi watu wapata arobaini walijaa sebuleni na uani. Bulonza alikalishwa kwenye kiti cha kaka yake, akapewa kibuyu na mrija. Msemaji wa wageni alikuwa muzee Modeste wa kijiji cha Miti, aliyekwisha kupambana na Floribert mara tatu na kushindwa zote. Alisimama, akaisifu nyumba, akataja ng'ombe sita.

Bulonza alifungua mdomo. Hotuba ilianza na jina la kaka yake, na jina halikutoka. Ili asilie mbele za watu, aliushika mrija na kukaza macho darini.

Modeste alimtazama kwa muda. "Ee! Hawa balizaliwa tumbo moja," aliwanong'oneza wenzake, kwa sauti iliyofika uani. Kisha akasema, "Na mbuzi mumoja ya maman."

Kimya.

"Na blanketi mbili za nyanya yake. Zile nzito."

Kimya.

Modeste alijifuta jasho, akamwita Bulonza "raia" kwa Kifaransa, kama serikali ilivyoagiza. "Haya, na mutamba juu! Ng'ombe ya saba! Sitwayeni, utatumaliza!"

Jikoni wanawake walikuwa wameziba midomo kwa vitenge. Agathe alipita na sahani, akainama sikioni mwa shemeji yake.

"Sema, Bulonza. Muzee anakaribia kuvua suruali."

Kicheko kilimtoka Bulonza bila kutaka, na maneno yakapata njia.

"Muzee Modeste, sikuwa nangojea kitu. Nilikuwa nazuia machozi. Jina la mwenye hii kiti lilinishinda. Ng'ombe ya saba irudi kwenu, sita inatosha. Mutoto ni wenu."

Vigelegele vililipuka uani. Modeste hakucheka mara moja. Alivuka sebule, akamshika Bulonza mkono kwa mikono yake miwili.

"Floribert hakunirudishiaka hata kuku," alisema. "Mutamba narudi naye. Mbuzi ibaki, tutaikula leo leo."

Mbuzi alichinjwa kabla ya saa tisa. Wakati wa kula Bulonza alisimama tena, safari hii bila kuitwa, akaanza hotuba yake tangu mwanzo. Alilitaja jina la kaka yake kwa sauti kubwa, akaendelea na la baba yao, na la babu, na vituko vya Floribert kimoja baada ya kingine, huku wageni wakijishika mbavu. Ilipotimia nusu saa, Agathe alimwomba akae kidogo, nyama inapoa.