Gongo ya Masega

Sukari ilipoadimika madukani Itigi, nilifurahi kimoyomoyo. Tangu niolewe, kazi yangu ilikuwa kumsaidia mama mkwe kupika gongo kichakani nyuma ya nyumba, masikio yote yakiwa njiani, tukihofia polisi. Bila sukari ya kuchachusha, nilidhani tutaacha, nami nijifunze kushona.

Mama mkwe alijaribu viazi vitamu, wateja wakalalamika. Siku moja tukiwa tunakula, akaniuliza kwetu pombe ilipikwa kwa kitu gani. Nikajibu bila kufikiri kwamba baba yangu, ambaye ni mrina asali, huosha masega yaliyokwisha kukamuliwa, na yale maji huchacha yenyewe.

"Kesho nenda ukayalete," akasema.

"Mama, sijui kama yatafaa."

"Tutajua tukishapika."

Yalifaa. Yalichelewa kuchacha kuliko sukari, lakini gongo iliyodondoka mrijani ilikuwa laini, ikinukia maua ya porini. Watu wakaanza kuifuata kutoka stesheni. Walipomsifu mama mkwe, alininyooshea kidole mimi. "Fundi ni huyu."

Sukari ilirudi madukani, ila hakuna aliyeitaka gongo ya sukari tena. Nilipomwambia mume wangu nataka kwenda kujifunza kushona, alinitazama kama mtu asiyeelewa.

"Sasa hii nani ataipika?"

Alikuwa ameuliza kwa upole, na hilo ndilo lililoniumiza. Wiki hiyohiyo aliniletea mapipa mapya. Nikamshukuru, nikaenda kuchota maji.