Roketi za Zidisha

Mtaani walimwita Zidisha, na jina hilo alilipata kihalali. Alikuwa na duka la vitambaa vya mapazia, na kila mteja aliyetaja urefu wa dirisha lake aliambiwa azidishe kidogo asije akajuta. Nyumbani kwake kulikuwa na kochi lililoingia baada ya mlango kung'olewa, na miguuni alivaa viatu vilivyochapa sakafu kila akipiga hatua. Kitu cha saizi yake hakuwahi kukiona akakipenda.

Roketi zilimwingia kwa mlango wa biashara. Mwalimu mmoja wa fizikia alikuja kununua pazia, akaona kwenye kona mirija ya karatasi ngumu ambayo vitambaa huzungushiwa kiwandani. Akamweleza kwamba mrija wa namna ile, ukiwekewa ncha kichwani, mapezi mkiani na injini ndogo ya kununua, unaruka angani na kushuka wenyewe. Injini hizo, alisema, hupangwa kwa herufi: B ina nguvu maradufu ya A, na C maradufu ya B. Zidisha alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama kuna Z.

Uwanja waliokuwa nao ulikuwa kipande cha nyasi kati ya ghala la saruji na safu ya nyumba, kidogo kiasi kwamba waliocheza mpira pale walitumia muda mwingi kuuomba mpira kwa majirani. Nyumba ya mwisho katika safu hiyo ilikuwa ya mama mkwe wake Zidisha.

Roketi ya kwanza mwalimu alimchagulia mwenyewe: nyembamba kama kidole gumba, injini ya A, na utepe wa kuishusha badala ya parachuti. Ilipaa, ikatema utepe wake, ikaanguka karibu na pale ilipoondokea. Mwalimu alifurahi sana. Alieleza kwamba hiyo ndiyo roketi ya uwanja mdogo, maana ikienda juu mno, tena ikashuka polepole kwa parachuti, upepo unapata nafasi ya kuipeleka unakotaka. Zidisha aliitikia kwa adabu, kama mtu anayekatazwa sukari na daktari, akarudi dukani kuchagua mrija mrefu kuliko yote.

Roketi aliyoiunda ilimfika kifuani. Aliitia injini ya C na parachuti ya satini, iliyokatwa, bila shaka, kwa kuzidishwa. Iliondoka kwa mvumo uliowaleta watu madirishani. Zidisha hakuwahi kuona kitu kizuri kama kile, na hata hicho hakukiona sana, kwani upepo ulikitwaa ukakilaza taratibu kwenye kamba ya nguo ya mama mkwe, juu ya shuka nyeupe zilizofuliwa asubuhi ile.

Mama mkwe huyo alikuwa mkunga mstaafu. Hakuwa mkali, ila nusu ya mtaa aliipokea yeye ilipokuja duniani, na alikuwa na namna ya kumtazama mtu kama anayekumbuka alivyofika. Zidisha hakuwahi kuingia mle ndani bila mkewe. Siku hiyo aliingia peke yake, akaamkia, akaulizwa kama dude lile ni lake, akakiri. Alipokuwa akitafuta maneno ya kuagia, bibi huyo akasema bomba la jikoni linavuja. Akalitengeneza.

Safari iliyofuata alipunguza parachuti kidogo na kuongeza urefu wa roketi, ikatua kwenye bamia za mama mkwe. Siku hiyo akatengeneza bawaba ya mlango. Mara nyingine akakuta chai imeshaandaliwa, na bibi akamsimulia habari za wazazi waliokuja kujifungua na kumgombeza yeye kana kwamba mimba alizitia yeye. Zidisha alicheka mpaka akajisahau kwamba yuko ukweni. Shemeji zake wakaanza kumnunia, wakidhani anajipendekeza.

Kisha roketi moja ikapeperukia upande wa pili, ikatumbukia ndani ya lori lililokuwa likipakia saruji, ikasafirishwa pamoja na mzigo. Mwenye ghala alilalamika. Mwenyekiti wa mtaa akaamua kwamba kinachorushwa uwanjani kishuke uwanjani, la sivyo kisirushwe kabisa.

Zidisha akasalimu amri. Alirudi kwenye mirija myembamba, injini za A na tepe za pindo la pazia. Zote zilishuka uwanjani, tena karibu. Haukupita muda akawa mtaalamu. Waliokuja kutazama aliwaeleza kwamba mwenye akili huanza kuutazama uwanja ndipo achague roketi, na kwamba tamaa ya ukubwa ni ugonjwa. Alisema hayo mbele ya mwalimu, bila kupepesa.

Jioni moja mkewe akamwambia, "Mama anauliza kama mmegombana."

"Tugombane kwa lipi?"

"Anasema huonekani tena."

Zidisha akajibu kwamba hana kitu cha kufuata kule. Mkewe aliendelea kukunja nguo.

Kwenda ukweni mikono mitupu, bila hata roketi ya kutafuta, kulimshinda. Basi akaunda moja ya wastani, injini ya B na parachuti, akangoja siku yenye upepo wa kuelekea kwenye nyumba. Mwalimu alipomwonya kwamba haitabaki uwanjani, akajibu kwamba wakati mwingine sayansi inadai kujitolea. Roketi ikapaa vizuri, parachuti ikafunguka, na papo hapo upepo ukafa. Ikashuka wima, ikamgusa viatu.

Kisha akaikunja parachuti, akaitia roketi kwapani, akaenda kugonga mlango wa mama mkwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Imeangukia wapi leo?"

"Hapo nje, mama," alisema, akiangalia chini.

Bibi alichungulia uani. Kamba ya nguo haikuwa imeguswa, bamia zilikuwa zimesimama, na hakuna jani lililotikisika. Akafungua mlango wote.

"Pita ndani, baba. Kuna kiti kimelegea mguu. Nilikuwa naungojea upepo."