Neno Moja Kabla ya Komunyo

Majina yote niko nayo: la katekista, la padri, na ya watoto wote waliokaa kwenye mabenchi siku ile. Sikusoma sana, niliacha shule nikiwa bado nabandika herufi moja moja, lakini jina likishaingia kichwani mwangu halitoki. Hapa sitaandika hata moja. Si kwamba nimesamehe. Ni kwa sababu wajukuu wao na wangu wataendelea kuishi pamoja hapa Likasi, na wangu ameshasemwa vya kutosha.

Mjukuu wangu wa kike alikuwa anajitayarisha kupokea komunyo ya kwanza. Ni mtoto wa mapasa. Walizaliwa wawili, wasichana, na mwenzake surua ilimchukua kabla hajajua kutembea vizuri. Mimi nilizaliwa katika kijiji cha wavuvi kandokando ya ziwa Tshangalele, nikaolewa huku Likasi, mtaa wa Panda, na mtu wa kiwanda, lakini desturi ya mapasa sikuiacha kule ziwani. Kwetu mtoto wa mapasa hasemwi lile neno mnalosema kwa watu wengine. Inasemwa amerudi. Hakuna kilio. Wanaume wawili wanambeba asubuhi, kimya, na wanawake wanabaki nyumbani wanatwanga na kufua kama siku zote, ili yule aliyebaki asisikie watu wanalia akataka kumfuata mwenzake. Ndivyo tulivyofanya. Binti yangu, mama yao, nilikaa naye nimemshika mkono mpaka wale wanaume waliporudi. Na yule aliyebaki alibaki. Anakula, anakimbia, anajibu watu wakubwa. Mnataka nini zaidi?

Masomo yake ya katekisimu niliyafuata mimi mwenyewe. Tulikuwa tunachambua mboga za lengalenga mlangoni, nauliza amri za Mungu, anajibu, akikosea tunaanza tena. Alizijua vizuri kuliko mimi.

Kisha ikaja Jumamosi ya kuulizwa, kabla ya kitubio cha kwanza. Siku hiyo nilikuwa ndani ya kanisa, zamu yetu wamama kufagia na kupangusa mabenchi, kwa hiyo hakuna mtu aliyenisimulia. Nilisikia kwa masikio yangu. Katekista ni mwanamke mwalimu. Alipokuwa mtoto mchanga, mama yake akienda shambani, mimi ndiye nilikuwa nambeba mgongoni. Alianza na maswali madogo, ya kumtoa mtoto woga.

"Kwenu mulizaliwa batoto bangapi?"

"Batatu," mjukuu wangu akasema. "Mukubwa wetu, minye, na mwenzangu."

"Huyu mwenzako iko wapi? Simuonaka hapa."

"Alirudi."

"Alirudi wapi?"

"Kwenye tulitokea."

Watoto wakacheka. Katekista hakucheka, akavua miwani.

"Na weye unamuonaka?"

Mtoto akafikiri sawasawa, maana alifundishwa kwamba siku ile hadanganyi mtu. "Hapana. Lakini kambo anasema anaikalaka na shiye mu nyumba."

Kambo ni mimi, bibi yake. Na ni kweli nasema vile, kwamba mwenzake anakaa nasi nyumbani. Nikimpa muhindi namwambia, na mwenzako naye iko hapa, usile kwa haraka. Ni maneno ya kumlea mtoto, hakuna kitu kingine ndani yake.

Katekista akawageukia wale wengine. "Munasikia? Njo vile bantu banaingizaka mambo ya buloji mu kanisa."

Niliposikia buloji, yaani uchawi, niliweka kitambaa chini, nikaenda mbele. Nikamwambia kwa heshima, "Mama mwalimu, huyu ni mutoto wa mapasa. Njo namna tunasemaka."

"Mama, najua mapasa ni nini. Lakini mutoto anaenda ku kitubio, atamudanganya Mungu? Aseme tu: mwenzangu alikufa. Akisema, ataingia mu mustari na benzake. Akikatala, angoje mwaka mwingine."

Basi mtoto akakaa kando. Jumamosi iliyofuata wenzake walikuwa wanafundishwa kupokea, mkono mmoja juu ya mwingine, wanapewa hostia ambazo bado hazijabarikiwa ili wajifunze kutozitafuna. Yeye alikuwa kwenye benchi la ukutani, anatazama midomo ya wenzake. Na njiani wakaanza kumwimbia: muloji wa mapasa, mwenzako iko wapi? Mnajua neno lile linamfanyia mtoto nini katika mji huu. Kuna watoto wamefukuzwa kwao kwa neno lile. Wanalala sokoni. Na yeye alitoka nalo kanisani.

Binti yangu alisema, "Mama, acha mutoto aseme, biishe."

"Aseme nini?"

Hata yeye neno lile halikumtoka mbele yangu. Akarudi kwenye sufuria yake ya bukari akawa anasonga kwa nguvu.

Nilikwenda kwa padri baada ya misa ya asubuhi. Padri wetu anatoka mbali, Kiswahili chake ni cha vitabuni, lakini anasikiliza. Alinipa kiti. Nikamweleza yote, mpaka lile la kutolia.

"Mama," akasema, "neno kufa haliui mtu. Bwana wetu mwenyewe alikufa. Kila Jumapili tunakiri pamoja: akafa, akazikwa."

"Na akarudi," nikamwambia. "Njo kile shiye tunasemaka."

Akacheka, alicheka kweli, akapiga meza kwa kiganja. "Mama, ungekuwa mwanamume ungeingia seminari."

Sikuenda pale kuchekeshwa wala kuchekesha. Nikangoja amalize. Akapangusa macho, akasema ameelewa, hakuna uchawi hapo, na atamwambia katekista asitumie tena neno lile la buloji. Nikadhani tumemaliza. Nikaanza kusimama.

"Lakini siwezi kumvunja katekista mbele ya watoto," akasema. "Mtoto aseme lile neno moja, mara moja tu, basi. Wewe nyumbani endelea na desturi yako."

Hilo ndilo lililonichoma kuliko yote. Katekista hakuelewa, huyo namuweza. Lakini yule alielewa, akacheka, akakubali, kisha akanirudisha palepale ili mwalimu wake asiaibike. Niliaga nikaondoka kwa miguu mpaka nyumbani, teksi-basi zinanipigia honi, sikupanda hata moja. Ningemgombeza mtu ndani.

Mtoto ndiye aliyemaliza maneno. Alasiri moja aliingia, akavua viatu mlangoni, akasimama.

"Kambo, nilisema."

"Ulisema nini?"

"Lile neno." Akanitazama kuona nitafanya nini. Nilipoendelea na mboga zangu akaongeza, "Balinipa hostia ya kujifunza. Iko sawa karatasi."

Sikumpiga. Nilimpa mboga achambue na sikumuuliza amri hata moja, na yeye akazisema mwenyewe zote, kwa sauti ndogo, hata nilipoinuka nikamwacha peke yake.

Jumapili ya komunyo alikuwa mzuri, siwezi kukataa. Mama yake alimshonea gauni jeupe na kola yenye lesi. Katekista alikuwa mbele anawanyooshea shela watoto, na tulipokuwa tunaingia akaninyooshea mkono. "Mama, unaona? Hakuna kitu kilitokea." Mkono wake niliuacha hewani. Wakati wa kupokea watu walipita mbele ya magoti yangu, mimi nikabaki nimekaa. Na hasira ile moyoni ningeisogelea meza namna gani? Nilimwona mjukuu wangu anafungua kinywa, anafunga, anarudi na macho chini kama walivyofundishwa. Wamama wa jumuiya yetu walipiga vigelegele. Mimi nilikohoa.

Nyumbani tulikuwa na kuku na wali, majirani wamejaa uani, muziki kwa jirani. Mtoto akaja mpaka kwenye kiti changu, chupa ya fanta mkononi, gauni limeshaingia vumbi chini.

"Kambo, kama alikufa, balimuzika wapi?"

Wale waliokuwa karibu wakaacha kutafuna. Swali lile katika nyumba yangu halikuwahi kuulizwa. Aliyerudi hana mahali pa kuulizwa. Aliyekufa anapo. Lakini nani alimfikiria mtoto huyu, wakati alipokuwa anavutwa neno kinywani? Atalala nalo vipi, atauliza nini kesho yake? Hakuna.

"Enda uulize katekista wako," nikasema.

"Nilimuuliza. Anasema niulize kwetu."

Kumbe. Alilitaka neno, lililobaki likaletwa kwangu.

Ndipo binti yangu akaweka sinia chini. "Minye najua," akamwambia mtoto. "Kesho nitakupeleka."

"Unajua namna gani?" nikamuuliza. "Siku ile ulikuwa na minye. Nilikuwa nimekushika."

"Kaka, mumoja wa bale babiri balimubeba, alinionyesha. Nakwendaka, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu ule mwaka."

Alisema polepole, mbele ya wageni, bila kunitazama, kisha akainua sinia akaenda kuwapa watu wali. Miaka yote ile nilikuwa naangalia mlango, na yeye alikuwa anapita anasema anaenda sokoni.

Asubuhi waliondoka na jembe dogo na chupa ya maji. Hawakuniomba niende nao na mimi sikuomba. Nilifua lile gauni jeupe, nikalisugua pindo mpaka vidole vikauma, nikalianika. Waliporudi macho yao yalikuwa yamevimba, yote manne, wamekaa wakalia kule mpaka wakachoka. Mtoto akaja kunisimulia kwamba ni kadogo, kuna majani yanayoota kwa haraka, na mama anajua kuyang'oa.

Nilimwambia anawe miguu kwanza, asiniletee udongo wa kule ndani ya nyumba. Alinawa. Kisha akakaa karibu yangu na hakuniuliza tena mwenzake iko wapi. Na mimi sikumwambia, mwenzako naye iko hapa. Nilimkatia muhindi, nikampa, akaula peke yake, kwa haraka.