Mshono wa Mkono wa Kushoto

Kochi la sebuleni kwao lilikuwa refu, la watu watatu, na fundi alilitengeneza mwenyewe mwaka aliooa. Alichagua mbao kipande kwa kipande, akafunga springi kwa kamba mara mbili, akaweka gunia, akaweka sponji nzito, kisha akavika kitambaa cha kijani ambacho mkewe alikishona kwa mashine. Ndivyo walivyofanya kazi tangu walipojuana, yeye mbao na misumari, mkewe kitambaa na uzi. Mtaani waliwaita Fundi Makochi na Mama Mashine. Hilo la Mama Mashine watu walilisema kwa kucheka, naye alilipokea kwa kucheka, lakini tusidanganyane. Wenzake wote walikuwa mama fulani, mama wa mtoto. Yeye peke yake aliitwa kwa chombo.

Mama yake fundi alilipenda sana kochi hilo. Kila Jumapili alikuja, akakaa upande wa dirishani, akapewa chai, akaanza. "Mwanangu, nyumba hii mbona kimya hivi?" Halafu, "Wenzako wa rika lako wana watoto sekondari." Halafu, bila hata kupunguza sauti, mkwewe akiwa jikoni hatua nne tu kutoka pale: "Umeoa mgumba, na mimi nilishasema." Mke alitoka na sahani, akainama, akasema, "Karibu, mama." Na fundi je? Fundi alitazama viatu vyake. Mwanamume mzima, mwenye mikono ya kubeba kabati peke yake, lakini ulimi umemganda.

Sasa sikieni alichokuwa amekifanya.

Mkewe alipofika miaka thelathini na mitano, alikuwa amepimwa mara mbili na kuambiwa hana kasoro. "Mlete mumeo," walimwambia. Fundi akaenda peke yake, mkewe tu akijua, kimyakimya kama anakwenda kununua misumari. Alipewa kikopo, akarudishwa tena baada ya wiki mbili, akapewa kikopo kingine. Mwishowe daktari, mama mmoja wa maneno ya taratibu, akamweleza kwamba katika maji yake hamna mbegu hata moja. Ila asikate tamaa. Huenda mbegu zipo, njia tu imeziba. Zinaweza kutolewa kwa sindano, zikaunganishwa na yai la mkewe maabara, kisha likapandikizwa tumboni. "Lakini mje wawili," akasema, "na mje mapema. Mayai ya mwanamke hayamngoji mtu."

"Nitamleta wiki ijayo, daktari," fundi akajibu, akakunja karatasi ya majibu, akaitia mfuko wa shati.

Wiki ijayo hiyo haikufika. Alipoingia nyumbani mkewe akamuuliza wamesemaje, na uongo ukamtoka kabla hajaufikiria. "Niko sawa." Mke akaitikia kwa kichwa, akarudi jikoni. Neno moja hilo, na mzigo wote ukahamia kwa mwanamke.

Mtu mwingine angeichoma ile karatasi. Fundi hakuweza, maana ilikuwa na jina la daktari na siku ya kurudi, na moyoni alikuwa bado anajiambia atarudi. Basi akafanya ilivyozoea mikono yake. Akapindua kochi, akafumua mshono wa chini ya kiti, akaisukuma karatasi kati ya gunia na sponji, akashona kwa sindano ya kupinda. Katika kazi yake alikuwa amefumua makochi ya watu na kukuta vitana, picha, hata meno ya bandia, na alijua hakuna anayefungua kochi isipokuwa fundi. Alichosahau ni kwamba nyumba ile ilikuwa na mafundi wawili.

Ikapita miaka sita. Mkewe alikunywa dawa chungu za kila aina, akafunga, akaombewa, akakandwa tumbo na wanawake asiowajua mpaka likapata michubuko. Na fundi alimpenda, jamani! Hapo ndipo panaponikera mimi. Angekuwa mtu katili tungemtukana tukamaliza. Alimchemshia maji ya kujikanda. Alimshika mkono njiani mbele za watu. Kila asubuhi aliamka na neno kooni, na kila asubuhi akalimeza pamoja na chai. Aliona haya, basi. Hakuwa na sababu kubwa kuliko hiyo.

Kisha mama yake akafa. Matanga yalipokwisha, fundi akapiga moyo konde. "Mke wangu," akasema, "twende hospitali. Twende wote wawili, tuanze upya."

Mkewe aliweka mkasi mezani, akamtazama kwa muda mrefu. "Twende," akasema.

Fundi alichagua hospitali nyingine, ili faili lake lisionekane. Daktari wa huko alikuwa kijana mwenye miwani. Alipotoa majibu yale yale ya zamani, fundi akaweka mkono kifuani, akatoa macho. "Mimi? Mimi, daktari? Mna hakika?" Mkewe alikuwa anatazama kalenda ukutani.

Wakachukua mbegu kwa sindano. Siku tatu fundi alitembea kama bata, na mkewe akamcheka mpaka akatoa machozi. "Fundi makochi asiyeweza kukaa kwenye kochi, makubwa haya!" Mbegu zilipatikana. Ikafuata zamu ya mke, sindano za tumboni kila jioni, na fundi ndiye aliyemchoma, ule mkono uliozoea kupitisha sindano kwenye ngozi za viti na turubai sasa unapapasa kwanza mahali laini. Yakatolewa mayai matatu. Moja tu likakubali. Hilo moja likapandikizwa, wakaambiwa wangoje siku kumi na nne.

Mke akakataa kukanyaga pedali ya mashine. Fundi akashona vitambaa mwenyewe, vikaenda upogo, mteja mmoja akauliza kama chake kimeshonwa na mlevi. Wakacheka wote. Siku zile walikuwa wanacheka kwa jambo dogo tu.

Siku ya kumi na moja mkewe alitoka bafuni, akasimama mlangoni. "Damu," akasema. Fundi akaenda kumshika.

Daktari kijana aliwaambia ukweli bila kuzunguka. "Mbegu zako hazina ubaya, mzee wangu. Tatizo ni mayai. Umri umesogea, yaliyobaki ni machache na yamechoka. Mkirudia, sitawapa matumaini ya uongo. Mngekuja miaka sita iliyopita..." Akaacha hapo, akavua miwani. Mke akasema asante daktari, akachukua mkoba wake.

Jumapili iliyofuata, mchana, mke alikuwa karakana nyuma ya nyumba, mashine inalia. Fundi akabaki peke yake na lile kochi. Akasema leo karatasi ile itoke humu iteketee, sitaki kuikalia tena hata siku moja. Akalipindua, akashika wembe, akainama kwenye mshono.

Wembe ukabaki hewani.

Mshono wake yeye hulalia kulia. Huu ulilalia kushoto. Mtu mmoja tu nyumba ile alishona kwa mkono wa kushoto. Fundi akakumbuka Jumapili moja, mwaka mmoja baada ya kuificha, mama yake alipomwaga kikombe kizima cha chai kwenye kiti. Kesho yake fundi alikwenda kufunga viti vya ukumbi, na aliporudi kiti kilikuwa kimekauka, safi. Hata alimsifu mkewe.

Akafumua. Karatasi ilikuwepo, imekunjwa mara nne. Yeye aliikunja mara mbili.

Alikwenda karakana akiwa ameishika. Mkewe aliiona, akaondoa mguu kwenye pedali.

"Tangu ile siku ya chai?" fundi akauliza.

"Tangu ile siku ya chai."

"Miaka mitano! Mbona hukuniambia?"

"Nikuambie nini, cha kwako?" Sauti yake haikupanda. "Nilitaka useme wewe. Nilijiambia nikikuuliza utakana, na ukikana nitakuchukia, nami sikutaka kukuchukia. Hata dawa zile chungu nilizinywa mbele yako, nikingoja useme. Kila Jumapili mama akinitukana, nilisimama pale jikoni na sahani mkononi, nasikiliza. Nasema leo atanitetea. Leo atasema."

"Na kule kwa daktari..."

"'Mimi? Mna hakika?'" Alimwiga vizuri mno, hata mkono kifuani. Kisha uso ukamwanguka, akalia, kilio cha mtu aliyekizuia miaka. "Ningekuvuta sikio nikakupeleka hospitali. Niliweza! Nilikuwa na miaka thelathini na sita. Kiburi changu na haya yako, tukamkalia mtoto wetu sote wawili."

Fundi akapiga magoti kwenye vumbi la mbao. "Nisamehe, mke wangu."

"Sijui," akasema. "Labda. Lakini mama yako amekwenda kaburini akiniita mgumba, na dada zako wanaliendeleza. Neno hilo la mama yako nani atalirudisha?"

Fundi akajifuta vumbi la mbao mikononi. Akiwa bado amepiga magoti, akatoa simu, akampigia dada yake mkubwa, aliyerithi kiti cha dirishani na ulimi wa mama yao.

"Dada, uko na nani hapo? Vizuri, waite, wasikie wote. Wifi yenu hana kasoro, hajawahi kuwa nayo. Ni mimi. Nilijua tangu zamani, nikawaacha mmtukane."

Dada akauliza, taratibu kabisa, kwa sauti isiyo yake, "Na mama alijua?"

"Hapana," fundi akasema. "Mama hakujua."

Dada akaanza kulia. Mke akajifuta uso kwa kipande cha kitambaa, akakiweka chini ya sindano, akarudisha mguu kwenye pedali, akaendelea kushona.