Waya Mmoja na Sauti ya Mama

Kompyuta ya kaka ilikuwa ya mtumba. Ilifika Sumbawanga juu ya basi, imeviringishwa kwenye godoro, na kaka akaiweka kwenye kibanda chake cha Majengo. Nje aliandika kwa rangi nyekundu: tunachapa, tunatoa kopi, tunarekodi kwaya. Hilo la mwisho lilikuwa uongo mpaka mama alipoambiwa aende Mbeya kupasuliwa tezi ya shingo.

Mama ndiye aliyekuwa anaanzisha nyimbo za kwaya kigangoni kwetu. Daktari hakumficha: baada ya kupasuliwa, sauti inaweza kurudi na inaweza isirudi. Mama alitueleza hayo huku anapepeta ulezi, wala hakuacha kupepeta. Mimi nikachukua ndoo nikatoka. Ndivyo nilivyo. Wageni wakija nyumbani, mimi ndiye ninayekwenda kuchota maji hata kama ndoo zimejaa. Lakini moyoni nilitaka kitu kimoja tu, sauti ile ibaki mahali, nzima, kabla basi la Jumatatu halijaondoka.

Kaka naye alitaka, ila alitaka na picha. Siku hizo kila kwaya ilikuwa na video inayouzwa sokoni, wanakwaya wanayumba mbele ya maua ya plastiki. Akaazima kamera mbili ndogo za kompyuta, moja ya kwaya yote, moja ya uso wa mama. Tundu la maiki la kompyuta lilikuwa limekufa, kwa hiyo akatafuta maiki ya kuchomeka kwenye USB. Ndani ya kompyuta kulikuwa kumejaa, akaleta diski ya nje. Vyote vinne akavichomeka kwenye habu, kidude chenye matundu manne na waya mmoja tu unaoingia kwenye kompyuta.

Kila nilipotoka shule nilipitia kibandani tujaribu, na kwa kuwa mama alikuwa shambani, wa kuimba nilikuwa mimi. Niliimba nikiangalia sakafu. Tukisikiliza, ilikuwa aibu tupu. Picha inakwenda kidogo, inaganda, mimi nimeachama kama natapika. Sauti inakatika vipande vipande, neno linaanza halafu katikati halipo.

"Umeme huo," kaka akasema.

Kwetu kila kitu ni umeme. Umeme wetu unatoka Zambia, na watu husema ukifika Majengo unakuwa umeshachoka. Friji ikifa ni umeme, mashine ya kusaga ikikoroma ni umeme. Kwa hiyo kaka akaazima stabilaiza, ile ya kutuliza umeme, kwa mama wa saluni. Picha ikaganda. Akaazima jenereta, tukaimba na kunusa petroli, picha ikaganda. Akamwagiza kondakta habu nyingine Mbeya, yenye umeme wake yenyewe. Ikaja, ikawaka taa ya bluu nzuri sana, na picha ikaganda palepale nilipoachama. Nilitamani kuitupa barabarani ikanyagwe na lori la mahindi.

Kilichoniudhi zaidi ni kile kiboksi cha maandishi. Kila tukianza, kilikuwa kinatokea pembeni mwa skrini, na kaka anakifunga haraka kama anafukuza nzi.

"Kaka, usikifunge. Nisome."

"Soma basi, msomi."

Nilisoma kile Kiingereza polepole na kamusi yangu ya shule. Kilikuwa kinasema vifaa hivi kwa pamoja vinataka nafasi kubwa kuliko njia iliyopo ya kuingilia kwenye kompyuta. Chini kulikuwa na orodha, na kamera ya kwanza peke yake imekula sehemu kubwa ya njia.

"Hakijasema umeme," nikamwambia.

"Sasa kompyuta itajuaje mambo ya Zambia?"

Akaenda kula. Nikabaki nachomoa kimoja kimoja. Nilipotoa kamera moja, picha ya ile nyingine ikatulia, lakini sauti bado ilikuwa inakatika. Nilipotoa na diski, sauti ikapungua kukatika. Nilipotoa kamera zote, ikabaki maiki peke yake, nilijisikia kwenye spika nikipumua, na nje mtu akimwambia mwenzake, "Mambo, mshikaji." Kila neno lilikuwepo.

Kaka aliporudi nilimwonyesha. Akasema tuhamishie kamera kwenye matundu ya nyuma. Tukahamisha. Ikaganda. Tukajaribu moja mbele, nyingine nyuma. Ikaganda. Tulipofungua ule mfuniko wa ubavuni na kufuata nyaya, matundu ya mbele na ya nyuma yote yalikuwa yanaishia kwenye kijibao kilekile, njia ileile moja. Tukapunguza picha mpaka mtu akawa mdogo kama stempu ya barua, na bado mama, yaani mimi niliyekaa mahali pa mama, nikipandisha sauti inakwaruza.

"Basi tutafute kompyuta nyingine," kaka akasema.

"Wapi? Leo Ijumaa, kwaya inakuja kesho."

Tulifunga kibanda tukatembea hadi nyumbani.

Jumamosi kwaya ilifika asubuhi, na baridi ile ya mwezi wa saba, wamevaa vitenge vipya vya kufanana na masweta juu yake. Walijipanga kibandani mpaka wengine wakabaki barazani. Mama alikuwa mbele, amefunga kitambaa shingoni kuficha uvimbe. Mwalimu wa kwaya, mzee mcheshi, akauliza, "Fundi, leo umeme wa Zambia umesemaje?"

Kaka akaniangalia mimi. Nadhani hakutaka yeye ndiye aseme.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti."

"Picha haiwezekani," nikasema. "Vitu vyote vinapita kwenye waya mmoja, vinasukumana. Tukipiga picha, sauti inaharibika. Tuchague."

Sijui kama niliwahi kusema maneno mengi vile mbele ya watu.

"Kumbe tungekuja na kanga za shambani," mama mmoja akasema, wakacheka, lakini si wote. Walikuwa wamekaa kwa fundi cherehani wiki nzima wakisubiri vile vitenge.

"Hata picha kidogo?" mwalimu akauliza. "Watu watanunua sauti bila sura?"

Mama ndiye aliyejibu. "Picha zangu zipo nyumbani, hadi ya ubatizo. Chukueni sauti."

Hapo kaka akachomoa kamera, akazirudisha kwenye boksi. Bado ilibaki diski. Nikamwambia afute filamu zake za mapigano zilizojaza kompyuta, sauti ikae humohumo ndani.

"Zote?"

"Zote."

Alizifuta moja moja, anasoma jina la kila moja kwanza. Nikachomeka maiki moja kwa moja, bila habu.

Mama akaanzisha. Sijui niseme nini kuhusu sauti ile. Ilitoka chini, ikapanda polepole, kwaya ikaingia nyuma yake, na mstari kwenye skrini ukawa unapanda na kushuka bila kukatika. Nilikuwa nahesabu beti kichwani, naomba tufike mwisho.

Katikati ya ubeti wa tatu mlango ukasukumwa. Aliingia bibi, shangazi yake mama, ametoka kijijini Chala na kifurushi cha ulezi, amekuja kumuaga. Nilimpungia mkono angoje. Lakini kwetu Ufipa mkubwa akiingia haimbwi mbele yake kana kwamba hayupo. Mama akanyamaza, akapiga goti, akamsalimia kwa kupiga makofi yale ya polepole, na wanakwaya wote wakapiga naye. Bibi naye hakuharakisha. Aliitikia, akauliza za nyumbani, za watoto, za mahindi. Mama akajibu yote. Kisha akainuka, akashika wimbo palepale alipouachia.

Nilitaka kulia kwa hasira.

"Tunarudia," kaka akasema walipomaliza. Akahifadhi ule wa kwanza, akanyoosha kidole aanze wa pili, na skrini ikawa nyeusi. Kibanda kizima kikazima, na saluni ya jirani, na redio ya muuza soda.

"Si nilisema ni umeme," kaka akasema.

Umeme ulirudi Jumapili jioni, mama akiwa anafunga mzigo.

Sasa ni likizo. Mama amerudi. Ana kovu, na sauti yake ni kama ya mtu anayeongea nyuma ya mlango. Kigangoni anaanzisha mwingine. Kaka alisema angeweza kukikata kile kipande cha salamu aunganishe wimbo, mimi nikaunga mkono, maana mpaka leo kinaniudhi.

Jana tulimpigia ile rekodi kibandani. Mama alikaa kwenye kigoda, mikono mapajani, na muda wote wa wimbo hakutikisa hata mdomo. Mlango wa kwenye spika ulipolia, akainama kidogo kama anayepiga goti, akiwa palepale kwenye kigoda, na akapiga makofi pamoja na yale ya humo ndani.

"Hapo msikate," akasema kwa ile sauti yake ya sasa.

Kaka akaondoa mkono kwenye mausi.